Mpweke wa Watu Kumi na Saba

Kwa mwaka mmoja na miezi minne nilisaga pilau. Najua pilau haisagwi. Marehemu mama yangu angeniona angenikana mchana kweupe. Lakini baba mkwe wangu, mzee Nizomiddin, alikuwa amebakiwa na meno mawili, moja la juu kushoto na moja la chini kulia, na hayo mawili hayakuwahi kukutana. Kwa hiyo kila siku, nikishawapakulia watu kumi na saba, nilichukua sahani ya kumi na nane, wali, karoti, nyama na kitunguu saumu chake, nikaipitisha kwenye mashine ya kusagia nyama iliyofungwa kwenye kona ya meza. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi. Mzee alikitazama, akasema bismillahi, akala kwa kijiko cha chai.

Kula halikuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba aliacha kusema.

Mzee Nizomiddin alifanya kazi kiwanda cha hariri miaka thelathini na minane, lakini hapa bondeni Fergana hakuna anayemkumbuka kwa hariri. Wanamkumbuka kwa ulimi. Kila Jumapili wanaume wa mtaa wetu wa Tutzor hukutana kwenye nyumba ya chai kando ya mfereji, na chai ikishakolea watu wawili hukalishwa wakitazamana. Wanapewa jambo moja, tuseme tikiti maji au baiskeli, nao wanaanza kusutana kwa maneno ya jambo hilohilo yenye maana mbili, mpaka mmoja akose jibu. Tunauita mchezo huo askiya. Miaka arobaini mzee wetu alikaa upande mmoja, na upande wa pili alikaa Tursunali, fundi saa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Hawakuwa wakitembeleana. Walitukanana tu mara moja kwa wiki, mbele ya watu, na kila mmoja alirudi kwake na furaha ya kumtosha mpaka Jumapili nyingine.

Meno yalipoisha, kila S ya mzee iligeuka upepo. Siku moja alimrushia Tursunali kijembe kizuri sana kuhusu saa ya ukutani, na watu wakacheka. Ila hawakucheka kijembe. Mtu aliyechekesha watu miaka arobaini anaijua tofauti. Aliinuka, akavaa viatu, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo Jumapili zake alizimalizia kwenye kitanda cha uani, uso kwa ukuta. (Nikiwanukuu wazee hawa, naandika walichokusudia kusema. Kilichotoka sina herufi zake.)

Tursunali alikuja mara mbili kumwita. Alisimama langoni, kiganja kimefunika mdomo, akauliza, "Nizomiddin, huji?" Mzee akatikisa kichwa. Mimi niliona kile kiganja nikajua anaficha kicheko. Nilimchukia mwaka mzima, na nikichukia mtu huwa sifanyi kwa nusu nusu.

Basi nikasikia kwamba serikali inawatengenezea wazee meno bure. Nikavaa kitambaa changu kizuri, nikaenda ofisi ya mtaa kwa dada Salomat, ambaye kazi yake ni kujua shida za kila nyumba na kuzigonga muhuri. Alikuwa na simu moja sikioni na nyingine inalia mezani.

"Dada Salomat, nimekuja kwa ajili ya meno ya mzee."

"Ya bure?"

"Hayo hayo."

"Mzee yukoje?"

"Tangu mama mkwe afariki na meno yatoke, hana hata wa kusema naye. Ni mpweke."

Kalamu ikasimama. "Mpweke?"

"Mpweke kabisa, dada yangu. Ukimwona utalia."

Aliniangalia kidogo, halafu akaandika, halafu akagonga muhuri. Nilirudi nyumbani moyo mweupe. Watu wanasema maofisa hawana huruma, kumbe huyu ameelewa huzuni ya mzee kwa neno moja.

Baada ya siku tatu barua ikaja na nikajua alichoelewa. Kwenye sheria ya meno ya bure, mpweke si mtu mwenye huzuni. Mpweke ni mzee asiye na mke, asiye na watoto, asiye na ndugu yeyote wa kumwangalia. Mzee Nizomiddin ana wana watatu, wakwe watatu na wajukuu kumi na mmoja, wote ndani ya lango moja.

Nilikimbia ofisini.

"Dada, futa."

"Nifute?" Salomat akashusha simu zote mbili, jambo ambalo sijaliona tena. "Nikifuta, nani atakwenda wilayani kueleza kwa nini nimedanganya?"

"Hukudanganya. Ulikosea."

"Wilayani hakuna dirisha la waliokosea, Hurriyat. Tulia. Siku ya kukaguliwa nitakupigia simu. Asikutwe mtu humo ndani, basi, mzee atapata meno yake."

Ndivyo ilivyo kwetu. Karatasi ikishagongwa muhuri, ni rahisi kuyabadilisha maisha yafanane nayo.

Habari ilimfikia shemeji yangu mkubwa, Rahim, kabla sijampasha mwenyewe. Alikwenda kununua mikate, muuza mikate akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, kaka Rahim. Ulifariki lini?" Alirudi na mikate yake, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Hurriyat, mimi ni marehemu?"

"Kwa muda tu, kaka. Mpaka meno yapatikane."

"Na ndugu zangu?"

"Wote."

Jioni hiyo wanaume watatu walikasirika kwa zamu. Mtu kuandikwa kwamba baba yake hana mtoto, hapa Tutzor, ni heri aandikwe mwizi. Mume wangu, ambaye ni mdogo wao, alisema atakwenda mwenyewe kurarua hiyo karatasi. Mzee alikuwa akila udongo wake. Akaweka kijiko chini, akasema, "Nataka meno."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza baada ya wiki sita. Haikuwa na S hata moja, na nadhani aliichagua. Hakuna aliyerarua kitu.

Simu ya Salomat ililia Alhamisi saa tatu asubuhi. "Wanakuja saa nne," akasema, akakata.

Hebu jaribu kuficha watu kumi na saba kwa saa moja. Kwanza viatu: mlangoni palikuwa na jozi ishirini na kitu, maana watoto wana viatu vya shule na vya matope. Tukavisomba kwenye gunia. Halafu nguo kambani, halafu baiskeli, halafu miswaki, ambayo tulibishana kama mpweke asiye na meno aachiwe mmoja. Ng'ombe tulimwacha, sheria haikusema lolote kuhusu ng'ombe. Lakini kwenda wapi? Njiani tungekutana na tume ya wakaguzi yenyewe. Mke wa Rahim, Mavjuda, ndiye aliyekumbuka kimlango cha ukutani, ambacho zamani marehemu mama mkwe alipitishia maji ya kumwagilia. Upande wa pili ni kwa Tursunali.

Sikutaka kuingia kwa yule mzee. Lakini nilikuwa na sufuria la pilau mkononi, linachemka, na huwezi kushikilia kinyongo na sufuria la moto kwa pamoja.

Tursunali alifungua. Leo alikuwa na leso mdomoni. Alitutazama, watu wazima sita na watoto kumi na mmoja, gunia la viatu, sufuria. Hakuuliza. Alisogea pembeni tukapita mmoja mmoja, kila mtoto akimpa salamu yake, naye akiitikia kila salamu kwa kuinamisha kichwa.

Ua wake ulikuwa mkubwa na safi kwa namna ya pahali pasipochafuliwa na mtu. Aliingia ndani kutafuta vikombe vya chai. Alikaa huko muda. Akatoka na kikombe kimoja, akasimama nacho katikati yetu, hajui ampe nani. Hapo ningeanza kufikiri, lakini nilikuwa natafuta pa kuweka sufuria.

Haikupita nusu saa, ua ulikuwa umegeuka. Watoto walikuwa juu ya mwaprikoti wake mkubwa. Mti huo hata sasa una matawi mawili yaliyovunjwa na wanangu. Mavjuda alikuwa ameshika ufagio, kwa sababu Mavjuda hawezi kukaa mahali bila kufagia. Mume wangu aliliona bomba linadondosha, akalifungua lote. Mtu mmoja, simtaji, alikuwa ameanza kufua mapazia ya mzee wa watu. Tursunali alikaa kibarazani kwake, leso mdomoni, anatazama kila tunachofanya kana kwamba atakuja kuulizwa.

Kupitia ukuta tukasikia tume imeingia kwetu. Sauti ya mwanamume ikauliza, "Mzee, unaishi hapa peke yako?" Kimya. Tukajua mzee ametikisa kichwa, ila hatukujua upande gani. "Na hiki kitanda cha mtoto mchanga ni cha nani?"

Mavjuda aliziba uso. Kitanda cha mwanawe tulikisahau katikati ya sebule.

"Changu," mzee akasema.

"Chako?"

"Sijakitupa."

Tukasikia kalamu inaandika. Wakamtakia afya njema, wakatoka. Tulianza kupumua, wengine hata wakaanza kucheka, halafu lango la Tursunali likagongwa.

Sikuwa nimemuuliza Salomat kama kuna majina mengine. Kila mtaa hupeleka majina mawili, na tume huchagua moja. La kwanza alilipeleka kwa sababu yangu. La pili alilipeleka kwa sababu lilikuwa kweli.

Waliingia watatu: mwanamke wa kliniki, bwana wa wilayani mwenye faili kwapani, na Salomat nyuma yao. Salomat alituona. Ananijua tangu nikiwa bibi harusi, alikula kwenye harusi zetu zote tatu. Alitazama mti, akautazama muda mrefu, kama mtu anayehesabu majani.

Yule bwana alifungua faili. "Mzee Tursunali. Hapa umeandikwa huna mtu."

Tursunali akasimama kwa adabu. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya mti.

"Hawa ni nani?"

Nilijua kinachokuja. Angesema, hawa ni wa jirani yangu Nizomiddin, na hapo hapo meno ya mzee wetu yangekwisha, na Salomat na kazi yake, na mimi na uso wangu. Angekuwa amesema kweli tupu. Nililishika sufuria kwa mikono miwili.

Tursunali alitutazama, mmoja mmoja, bila haraka.

"Wangu," akasema kupitia leso.

"Wote?"

"Huyo mchanga bado hatujazoeana. Lakini ni wangu."

Bwana yule si mjinga. Alimwinamia mtoto wangu wa miaka minne, aliyekuwa amekaa miguuni pa mzee anachezea saa mbovu. "Mwanangu, huyu ni nani?"

"Babu," mtoto akasema. Kwetu kila mwenye ndevu nyeupe ni babu, hata muuza chumvi. Lakini hilo halina safu kwenye faili.

Bwana akafunga kalamu. Akaanza kuhutubia, na hakika alikuwa na haki zote. "Mzee, huoni aibu? Nyumba imejaa hivi, wakwe wanafua, wana wanatengeneza bomba, halafu unaandikisha kwamba huna mtu? Hapo ukuta wa pili nimetoka kumwona mzee asiye na mtu kweli. Amebaki na ng'ombe na kitanda alichozaliwa nacho!"

"Nisamehe, mwanangu," Tursunali akasema. "Nilisahau."

"Umesahau watu kumi na saba?"

"Uzee."

Bwana akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na sufuria. "Wewe mkwe, mwangalie vizuri mzee wenu. Hana hata rangi usoni."

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Walipotoka nilimpakulia Tursunali pilau sahani iliyojaa. Alishukuru, akaiweka pembeni, akasema atakula baadaye. Tukarudi kwetu kupitia kimlango, viatu kwenye gunia. Sikumwambia mzee. Niliwaonya na wengine wasimwambie. Nilijisemea kwamba nitamwambia akishapata meno, kwamba nitatafuta njia, kwamba Tursunali mwenyewe ndiye aliyetaka. Nilikuwa na hoja nyingi na zote zilikuwa za mtu mwenye hatia.

Kliniki ilimwita mzee baada ya wiki mbili. Nilimpeleka mimi, nikijitambulisha mlangoni kama jirani mwema. Daktari, binti mdogo mwenye mikono mepesi, aliyang'oa yale mawili yaliyobaki, akasema mdomo upumzike. Tulirudi mara ya pili akamjaza donge la waridi kinywani, akamwambia aume. Mzee akamwangalia. "Samahani, mzee," binti akasema, "finya tu." Mara ya nne tulitoka na meno ishirini na manane, meupe kama ya mtangazaji wa televisheni, bila kulipa hata sarafu moja ya soumu. Mzee alikaa kwenye benchi la nje, akasema pole pole, "Sisimizi. Sisimizi saba. Sisimizi saba sasa wamesimama." Halafu akalia. Na mimi jirani mwema nikalia.

Jumapili iliyofuata kikao kilihamishiwa kwetu, kwa heshima ya meno. Wanaume thelathini walijaa uani, mimi nikipitisha chai. Tursunali alikuja wa mwisho, akaketi mahali pake pa miaka arobaini, mbele ya mzee. Mtu akapaza sauti, jambo la leo ni saa.

Mzee akakaa vizuri. Meno yalilia kidogo, tak. "Tursunali! Mwaka mzima nimenyamaza nikupe nafasi, nawe hukusogea hata dakika moja. Nani amekutoa betri?"

Ua ulilipuka. Kilikuwa kicheko chenyewe, kile cha zamani, na niliuona mgongo wa mzee wangu ukinyooka. Kisha watu wakanyamaza kusubiri jibu, kwa sababu utamu wenyewe uko kwenye jibu.

Tursunali aliinua kikombe cha chai mdomoni. Akakishikilia hapo. Tuliona mabega yake yakienda na kurudi kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Akakishusha.

"Nimeshindwa," akasema.

Neno hilo hakuwahi kulisema tangu waanze. Na alipolisema mdomo ulifunguka, na mzee, aliyekuwa amekaa hatua mbili mbele yake, akaona ndani. Nami nikaona. Fizi tupu, juu na chini. Kile kiganja cha langoni, ile leso, ile sahani ya pilau aliyosema atakula baadaye. Tursunali aliinama kwa adabu, akavaa viatu vyake, akapita kwenye kimlango.

Wageni walipoondoka mzee aliniita. Nilikuwa na sinia la vikombe.

"Hana meno."

"Hana, Baba."

"Kwa nini hakupewa? Ile hati ni ya wapweke. Katika mtaa huu nani mpweke kuliko yule?"

Nikamwambia yote, nimesimama vilevile na sinia. Nilimwambia mpaka neno la 'nilisahau'. Mzee hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alitoa meno, akayaweka juu ya kitambaa cha meza kati ya makombo ya mikate, akageukia ukuta wake.

Kimya cha mtu asiye na meno nilikuwa nimekizoea. Kimya cha mtu ambaye meno yake yako mezani sikukiweza. Siku tatu nilisaga chakula, nikakiweka mbele yake, nikaondoka kichwa chini. Jumatano jioni akasema, "Kesho Alhamisi."

"Ndiyo, Baba."

"Faili la serikali linasema Alhamisi ninyi ni watu wa Tursunali."

"Ndiyo."

"Basi msimfanye mtu mzima mwongo."

Kwa hiyo Alhamisi tukapita tena kwenye kimlango, sote, na mara hii mzee akiwa mbele. Nilibeba sufuria, Mavjuda akabeba vikombe kumi na vinane, mume wangu akaifungua mashine ya kusagia nyama kwenye meza yetu akaifunga kwenye meza ya Tursunali. Nilisaga sahani mbili. Tursunali alikula yake yote, akafuta sahani kwa kidole, na hakutumia leso.

Mzee akaketi mbele yake. Akatoa meno yake ya serikali, akayafunga kwenye kitambaa, akanikabidhi. Wakatazamana, fizi kwa fizi.

"Zamani," mzee akasema, na upepo ukatoka pande zote, "ulikuwa unauma na kupuliza. Naona kazi moja umestaafu."

Tursunali alipepesa macho. Nilidhani atainuka. Akafikiria, akainua kidole, akakishusha, akakiinua tena.

"Na wewe ukifa, Nizomiddin, watasema umeacha pengo? Pengo gani, na mapengo yote unaondoka nayo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wale wazee wenyewe walicheka bila sauti, midomo wazi, machozi yanatiririka. Waliendelea hadi adhuhuri. Nusu ya maneno hatukuyasikia, wakawa wanarudia, na yakirudiwa yanachekesha zaidi.

Tangu hapo kila Alhamisi tuko kwake. Vikombe hatukuvirudisha nyumbani. Mzee huvaa meno yake siku sita, na ya saba huyavua mlangoni pamoja na viatu.

Lakini mimi hatia yangu ilikuwa haijaisha. Mtu hali pilau iliyosagwa kwa kupenda. Nilimwendea Salomat mara nne. Mara ya tano akaniita mwenyewe, akafunga mlango wa ofisi.

"Jina la Tursunali limerudi. Bwana wa wilaya amehamishwa, huyu mpya hajui kitu. Watakuja kukagua mwezi huu, siku imeandikwa hapa. Amkute mzee peke yake, saa nne mpaka saa tano, basi. Saa moja tu, Hurriyat. Kabla ya mavuno ya pamba atakuwa anatafuna karanga."

"Peke yake kabisa?"

"Peke yake. Kikombe kimoja."

Nilikimbia njia nzima, mwanamke wa umri wangu, kitambaa kimeteleza mabegani. Tursunali alikuwa mezani kwake, lenzi jichoni, saa ya mtu imefunguliwa mbele yake. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Meno, bure, juu na chini, yale yale kama ya mwenzake. Saa moja tu ya kuwa peke yake. Hata Jumapili ataweza kurudi nyumba ya chai, mbele ya watu wote.

Alitoa lenzi. Nilimwona amefurahi, uso mzima ulifunguka.

"Siku gani?" akauliza.

"Alhamisi hii inayokuja."

Aliigeuza ile saa mkononi, akaisikiliza, akaiweka chini taratibu. Akaangalia rafu, pale vilipo vikombe vyetu kumi na vinane pamoja na chake.

"Waombe siku nyingine, mwanangu," akasema. "Alhamisi nina watu."